Nyumba Kando ya Mto Thames

Mtu akaaye kando ya mto ana jirani asiyelala. Jirani huyo humpa maji, samaki, njia na upepo mzuri. Lakini siku nyingine huingia nyumbani pasipo kubisha hodi. Katika somo hili mtasoma jinsi watu wa Uingereza wakaavyo na jirani wa namna hiyo.

Tazameni ramani ya Uingereza. Mto Thames huanza katika vilima vya magharibi, hupita Oxford, Reading na London, kisha huingia katika Bahari ya Kaskazini. Urefu wake ni kilometa 346 hivi. Kati ya Oxford na Reading mto hupenya baina ya safu mbili za vilima. Hapo pana vijiji viwili vitazamanavyo: Goring upande wa mashariki, na Streatley upande wa magharibi.

Mimi nilialikwa Goring na rafiki zangu, mume na mke, nikae nao tangu Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Desturi ya Waingereza wengi ni kufanya kazi siku tano, na siku mbili za mwisho wa juma hupumzika na kukaribisha wageni. Ulikuwa mwezi wa Januari, wakati wa baridi na mvua.

Nyumba yao ni ya matofali, na bustani yake hushuka mpaka ukingoni mwa mto. Niliona ya kuwa mlango una ngazi tano, ingawa kiwanja ni tambarare. Tena katika ukuta wa kale wa bustani palichongwa alama mbili, na kando yake miaka: 1894 na 1947. Nikamwuliza bwana mwenye nyumba maana yake. Akajibu, "Hapo ndipo maji yalipofika. Aliyejenga nyumba hii aliutazama ukuta kwanza, ndipo akapima msingi wake."

Kisha akanieleza habari za mwaka 1947. Mwaka ule theluji nyingi ilianguka, na ardhi ikagandamana kwa baridi, ikawa ngumu kama jiwe. Katika mwezi wa Machi theluji ikayeyuka, na mvua ikanyesha juu yake. Ardhi iliyoganda haikuweza kunywa maji, basi yote yakakimbilia mtoni.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kutazama malango ya maji. Mto Thames umezuiwa mahali pengi kwa vizuizi, ili maji yasipungue mno wakati wa kiangazi. Lakini mashua haiwezi kuruka kizuizi. Kwa hiyo kando yake hujengwa chumba kirefu cha mawe, kisicho na paa, chenye milango mikubwa huku na huku. Mashua ishukayo huingia kwa mlango wa juu, na mlango hufungwa nyuma yake. Kisha vilango vidogo vya upande wa chini hufunguliwa, maji hutoka polepole, na mashua hushuka pamoja nayo. Maji ya ndani yakiwa sawa na ya nje, mlango wa chini hufunguliwa, na mashua huenda zake. Mbao mbili za kila mlango hukutana kwa pembe ielekeayo juu ya mto. Hivyo maji yenyewe huzisukuma zikafungana imara.

Zamani mahali hapo palikuwa pa hatari. Mwaka 1674 mashua ya kuvushia watu ilichukuliwa na mkondo karibu na kizuizi cha Goring, na watu wapata 60 wakafa maji. Siku hizi vijiji vile viwili vimeunganishwa kwa daraja.

Tulipofika malangoni tuliona ubao wa manjano, wenye maneno ya kuwaonya wenye mashua kwamba mkondo unazidi. Ukizidi sana, huwekwa ubao mwekundu. Juu ya Goring mvua haikuwa kubwa, lakini ilikuwa imenyesha siku nyingi katika nchi za juu, na maji yake yalikuwa njiani.

Jioni onyo la serikali lilifika kwa simu. Bibi mwenye nyumba akasimika kijiti mahali maji yalipokoma. Baada ya saa mbili kijiti kilikuwa kimefunikwa. Akasimika cha pili, hatua tatu karibu zaidi na nyumba.

Jirani yao alikuwa mwanamke mzee, mjane, akaaye peke yake katika nyumba isiyo na ngazi. Tulikwenda kwake tukamwomba aje kulala kwetu. Akakataa, akasema, "Nimekaa hapa miaka arobaini, wala maji hayajapita mlango wangu." Bibi hakubishana naye. Alimshika mkono, akampeleka bustanini na taa, akamwonyesha kijiti cha pili. Nacho kilikuwa ndani ya maji.

Mama yule akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Chukueni picha za mume wangu kwanza." Tukapandisha picha, vitabu na mazulia katika orofa ya juu, naye akaja kulala kwetu.

Asubuhi bustani ilikuwa ziwa, na bata maji waliogelea penye viti. Maji yalifika ngazi ya tatu yakakoma. Lakini katika jiko la yule mjane yalikuwa yamepanda mpaka kifundo cha mguu. Alipoyaona alisema, "Jiko litakauka."

Miaka arobaini ni mingi katika maisha ya mtu, lakini ni michache katika maisha ya mto. Kwa hiyo mtu mwenye busara hategemei kumbukumbu zake tu: huzitazama alama zilizochongwa na waliomtangulia, na hupima maji ya leo kwa kijiti chake.

MASWALI

1. Kwa nini ardhi haikunywa maji mwaka 1947?
2. Elezeni jinsi mashua ishukavyo katika malango ya maji. Chorani picha yake.
3. Maji ya mto yaliongezeka ingawa mvua ya Goring haikuwa kubwa. Kwa sababu gani?
4. Ni kitu gani kilichombadili nia yule mjane?
5. Waulizeni wazee wa kwenu: mto au kijito kilicho karibu kiliwahi kufika wapi?