SOMO: NENO LA MKUTANONI LISINGOJE NJIANI

Masomo: 2 Samweli 12:1-13; Mathayo 18:15; Waefeso 4:15, 25



Jambo hili twalijua sote. Halmashauri ya mtaa imekaa. Mwaka ni wa njaa, mtama umekauka mashambani, na limeletwa shauri kwamba kila nyumba itoe mchango wa mabati kabla ya Pasaka. Pasta auliza, "Kuna mwenye neno?" Kimya. "Basi, tumekubaliana." Twafunga kwa sala. Lakini tukiisha kutoka, maneno yanaanza njiani: "Fedha hizo watu watazipata wapi? Wengine hata uji hawana."

Kwa nini hatukusema mle ndani? Baadhi yetu twaogopa kuitwa wakorofi. Wengine twaona kwamba kunyamaza mbele ya wakubwa ni adabu. Adabu ni njema, lakini kumheshimu mkubwa si kumficha kweli anayoihitaji. Pasta asiyeambiwa atajuaje?

Hapa Dodoma aliwahi kuishi mtu awezaye kutufundisha. Festo Kivengere, mwenyeji wa Kigezi, Uganda, alikuja katika miaka ya 1940 kufundisha katika Shule ya Sekondari ya Alliance, iliyoitwa Mazengo baadaye. Leo mahali pale pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Alikuwa mmoja wa ndugu wa Uamsho, waliojifunza kutembea nuruni, yaani kuungama makosa yao wazi kabla ya kutaja ya wengine. Yeye mwenyewe, alipookoka, alipanda baiskeli akaenda kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia, akamwambia hivyo usoni, akamwomba radhi.

Mtu wa namna hiyo alikuwa amekwisha kuzoea kusema kweli kabla ya siku ya hatari. Mwaka 1973, alipokuwa Askofu wa Kigezi, alimwendea Rais Idi Amin akamsihi juu ya watu waliotakiwa kupigwa risasi hadharani. Hakusikilizwa. Februari 1977 askari waliipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum usiku. Maaskofu hawakunong'ona. Walimwandikia Amin barua, wakaeleza mauaji na uonevu ulivyokuwa ukitendeka nchini, wakatia sahihi. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala. Luwum alizuiliwa, akauawa siku ile ile, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Kivengere na mkewe Mera walikimbia kwa miguu milimani usiku mpaka Rwanda. Alirudi baada ya Amin kuanguka mwaka 1979, akafariki mwaka 1988.

Tujifunze nini?

Kwanza, walisema kwa mwenyewe. Nathani naye hakumsengenya Daudi sokoni. Alimwendea nyumbani kwake.

Pili, walisema bila chuki. Kivengere alihubiri msamaha hata kwa Amin, wala hakufuta neno lake juu ya uovu. Ukitaka kusema ili umwaibishe mwenzako, ngoja kwanza, ukaombe.

Tatu, kweli haina ahadi ya kukubaliwa. Daudi alitubu, Amin hakutubu. Kazi yetu ni kusema kwa uaminifu.

Labda utasema, "Je, kama maoni yangu yana kosa?" Yaweza kuwa nayo. Ukiyasema mkutanoni, wenzako watayasahihisha. Ukiyasema njiani, nani atayasahihisha?

Ndugu, katika halmashauri yetu hakuna mwenye bunduki. Twaogopa kukunjiwa uso tu. Tukishindwa kusema juu ya mabati, tutawezaje kusema siku damu ya jirani itakapomwagwa? Nanyi mnaoongoza mikutano, mkiisha kuuliza, subirini kidogo. Waulizeni akina mama na vijana, na asemaye kinyume msimhesabu kuwa adui.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Ni neno gani nililolisema njiani ambalo ningelisema mkutanoni?
2. Katika mtaa wetu, ni nani ambaye hatujamsikia akisema? Kwa nini?
3. Je, kuna mtu ninayepaswa kumwomba radhi kabla sijamwambia kosa lake?

Tuombe: Bwana, tuondolee hofu, utuondolee na ukali. Utupe kinywa cha kweli na moyo wa upendo. Amina.