Maumivu ya Muundi kwa Wanariadha Chipukizi

Mwanafunzi wa Kigoma ajiandaaye kwa mashindano ya UMISSETA huweza kuongeza mbio zake ghafla kwenye barabara ya lami iendayo Ujiji. Baada ya majuma machache huanza kuhisi maumivu upande wa ndani wa muundi, yaani mfupa mkubwa ulio kati ya goti na kifundo.

Mfupa ni kitu hai. Unapotwishwa mzigo mpya, chembe hai fulani huondoa sehemu zilizochoka, na nyingine hujenga upya. Ujenzi huchukua muda mrefu kuliko uondoaji. Kwa hiyo mbio zisizo na mapumziko huudhoofisha mfupa.

Maumivu yaliyoenea hupungua mwanariadha akipunguza mbio, akiupoza muundi kwa maji baridi, na akiendesha baiskeli badala ya kukimbia. Lakini maumivu ya mahali pamoja, panapoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole, au yanayodumu usiku, huenda yakawa dalili ya ufa mfupani. Hapo mwanafunzi aache kukimbia na apelekwe hospitali. Kuficha maumivu si ushujaa: ufa mdogo waweza kugeuka mvunjiko kamili.

Zoezi: Eleza kwa nini siku za mapumziko ni sehemu ya mazoezi.