Zana Zinazokosekana: Kwa Nini Maktaba za Programu Hukataa Kusakinishwa

Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu anayehesabu maneno katika matini za Kiswahili kwa kutumia kompyuta hukabiliwa na kikwazo kidogo kinachoweza kuharibu utafiti mzima. Kikwazo hicho ni ritifaa. Programu nyingi zilizoandikwa kwa haraka huchukulia kwamba neno ni mfuatano wa herufi tu, na kwamba alama yoyote isiyo herufi ni mpaka. Kwa kanuni hiyo, ng'ombe hukatwa kuwa ng na ombe. Hasara huwa kubwa zaidi pale ambapo kipande kinachobaki kina maana yake: kitenzi ng'oa huingizwa katika hesabu ya oa, nacho ng'amua huhesabiwa kuwa amua. Jedwali litakalotokana na hesabu hiyo litakuwa na takwimu za uongo, wala msomaji wa tasnifu hatakuwa na njia ya kuzitambua.

Maktaba iitwayo ICU huepusha kosa hilo. Katika taaluma ya kompyuta, maktaba ni mkusanyiko wa programu ndogondogo ambazo programu nyingine huziazima ili kutekeleza kazi fulani. ICU hushughulikia maandishi ya lugha mbalimbali za dunia. Kampuni ya IBM iliitoa kwa umma mwaka wa 1999, na tangu mwaka wa 2016 imekuwa chini ya Unicode Consortium. Kanuni zake za kutenga maneno haziweki mpaka kwenye ritifaa iliyo baina ya herufi mbili; kwa hivyo ng'ombe hubaki neno moja. Mtafiti anayetumia lugha ya Python huifikia ICU kupitia maktaba ya pili, PyICU. Hata hivyo, anapotoa amri ya kuisakinisha, mara nyingi skrini hujaa maelezo ya hitilafu na kazi yote husimama.

Makala haya yanafafanua chanzo cha hitilafu hiyo na namna ya kuiondoa, hasa katika mfumo wa Ubuntu. Hoja kuu ni kwamba maktaba si mbovu na kompyuta si mbovu. Kinachokosekana ni zana za ujenzi, na aghalabu ujumbe wenyewe wa hitilafu huzitaja.

Maktaba Iliyojengwa na Isiyojengwa

Maktaba ya programu humfikia mtumiaji kwa mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kama kununua meza iliyokwisha kuundwa: kifurushi huja kimejengwa tayari, kazi ikiwa ni kukiweka mahali pake. Ya pili ni kama kuletewa mbao na mchoro: kinachofika ni msimbo chanzo, yaani matini ya programu kama ilivyoandikwa na wasanidi, na ujenzi hauna budi kufanyika katika kompyuta ya mtumiaji mwenyewe.

PyICU huja kwa njia ya pili. Imeandikwa kwa lugha ya C++, ambayo kompyuta haiwezi kuitekeleza kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Kazi ya kugeuza hufanywa na programu iitwayo kompaila. Katika Ubuntu, kompaila ya kawaida ni GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1987.

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Lakini asiye na jembe kabisa hawezi kulima, na ndivyo ilivyo kompyuta mpya. Waundaji wa Ubuntu hawaisheheni zana za ujenzi kwa sababu watumiaji wengi huandika barua na kusoma habari tu. Isitoshe, wao huigawa maktaba moja katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huziwezesha programu zilizokwisha kujengwa kufanya kazi. Ya pili, ambayo jina lake huishia kwa -dev, hubeba faili za vichwa, yaani maelezo ambayo kompaila huyahitaji ili kujua kilichomo katika maktaba. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa: ICU huwa tayari imo katika kompyuta, ilhali usakinishaji hulalamika kwamba haionekani. Iliyomo ni sehemu ya kwanza. Inayotafutwa ni ya pili.

Kuusoma Ujumbe wa Hitilafu

Kosa la kawaida ni kusoma mstari wa mwisho pekee. Mstari huo hutangaza tu kwamba ujenzi umeshindikana, hausemi sababu. Mwanzo wa ngoma ni lele, na sababu hupatikana juu zaidi, pale hitilafu ya kwanza ilipotokea. Kwa PyICU, yafuatayo ndiyo matamko yanayostahili kutafutwa.

La kwanza ni lile linalomtaka mtumiaji asakinishe pkg-config au ataje toleo la ICU alilo nalo. Programu ya pkg-config ni kama mwenyeji anayemwelekeza mgeni: huieleza kazi ya ujenzi maktaba ilipo na toleo lake. Tamko hili hutokea ama mwenyeji huyo anapokosekana, ama anapokuwapo lakini faili za ICU za wasanidi hazipo.

La pili huwa na umbo hili:

error: command 'x86_64-linux-gnu-gcc' failed: No such file or directory

Maana yake ni kwamba kompaila iliitwa, nayo haikupatikana.

La tatu ni hili:

fatal error: Python.h: No such file or directory

Hapa kompaila ipo na imeanza kazi, ila imekosa faili ya kichwa ya Python. Ujumbe wa namna hiyohiyo ukitaja unicode/utypes.h, kinachokosekana ni faili za vichwa za ICU.

Ni muhimu kufahamu kwamba hitilafu hizi hazijitokezi zote kwa pamoja. Ujenzi husimama kwenye upungufu wa kwanza. Ukiondolewa, hufichuka wa pili. Mtafiti asiyelijua hili hudhani kwamba suluhu aliyoitumia imezidisha matatizo, akaifuta Python au hata kuusakinisha upya mfumo mzima. Kumbe ujumbe unapobadilika, ni dalili kwamba hatua imepigwa.

Suluhu

Zana zote zinaweza kusakinishwa kwa pamoja. Amri zifuatazo huandikwa katika dirisha la amri, moja baada ya nyingine:

sudo apt update
sudo apt install build-essential python3-dev python3-venv pkg-config libicu-dev

Kifurushi cha build-essential huleta kompaila za C na C++ pamoja na zana zinazoandamana nazo. Faili za vichwa za Python zimo katika python3-dev, na za ICU katika libicu-dev. Anayetumia toleo la Python tofauti na lile la mfumo hana budi kusakinisha kifurushi cha -dev kinacholingana na toleo hilo.

Baada ya hapo huandaliwa mazingira pepe, yaani chumba cha pekee ambamo maktaba za utafiti huwekwa bila kuigusa Python ambayo mfumo wenyewe huitegemea. Tangu toleo la 23.04 la mwaka wa 2023, Ubuntu hukataa maktaba kusakinishwa kwa pip moja kwa moja katika Python ya mfumo, na ni busara kutolazimisha.

python3 -m venv utafiti
source utafiti/bin/activate
pip install PyICU

Kazi huthibitishwa kwa amri hii, ambayo hutoa toleo la ICU:

python -c "import icu; print(icu.ICU_VERSION)"

Katika mfumo wa Fedora majina hubadilika kidogo, na vifurushi vya wasanidi huishia kwa -devel. Katika kompyuta za Mac, amri ya xcode-select --install huleta kompaila, lakini ICU na pkg-config hutafutwa kando, kwa mfano kupitia Homebrew. Mwenye Windows anaweza kuiendesha Ubuntu ndani yake kwa njia ya WSL, kisha akazifuata amri zilizotajwa hapo juu.

Wapo pia wanaotumia kompyuta za maabara ya chuo na ambao hawana idhini ya kutoa amri ya sudo. Hao wana njia mbili. Wanaweza kumpelekea msimamizi wa maabara orodha kamili ya vifurushi vitano vilivyotajwa, badala ya kumwambia tu kwamba mambo yamekataa. Au wanaweza kutumia conda, ambayo huwekwa katika saraka ya mtumiaji mwenyewe na huleta PyICU iliyokwisha kujengwa:

conda install -c conda-forge pyicu

Faili isiyojulikana inakotoka nayo ina dawa. Katika Ubuntu, programu ya apt-file ikishasakinishwa na orodha yake kusasishwa kwa sudo apt-file update, amri ya apt-file search Python.h hutaja vifurushi vyenye faili hiyo. Mbinu hiyo hufaa kwa maktaba nyingine pia.

Hitimisho

Maktaba inapokataa kusakinishwa, mambo matatu hupaswa kuulizwa kwa mpangilio: je, kompaila ipo? Je, faili za vichwa za lugha ya programu zipo? Je, faili za vichwa za maktaba inayotegemewa zipo? Majibu hupatikana katika hitilafu ya kwanza.

Usakinishaji ukifaulu, mtafiti asianze mara moja kuhesabu maelfu ya kurasa. Aandike kwanza sentensi fupi yenye ng'oa na oa, ng'amua na amua, kisha aone kama kila neno limehesabiwa peke yake. Zikitengana, hapo ndipo takwimu zinaweza kuaminiwa.