Soda ya Mgeni na Fadhila ya Kiasi



Wapendwa vijana, leo tunazungumzia soda. Ndiyo, soda. Najua wengine mlitegemea somo la uchumba au la miito, lakini mtu anayeshindwa kutawala ulimi wake mbele ya chupa ya baridi atapata shida kuutawala mbele ya mambo makubwa zaidi.

Kabla ya kuendelea, chukua Biblia usome sehemu tatu: Mithali 25:16, Danieli 1:8-16 na Luka 10:5-9. Ukishasoma, rudi hapa.

1. Tunachokiona

Huku kwetu Singida heshima ya mgeni ni soda. Ukifika nyumbani kwa watu, mtoto anatumwa dukani hata hujakaa vizuri. Kipaimara, soda. Semina ya VIWAWA, soda. Kwaya ikimaliza mazoezi ya Pasaka, kreti inashushwa. Wakati wa kazi za kichungaji nimewahi kutembelea kaya tano za jumuiya mchana mmoja, na zote tano ziliniwekea chupa mezani: "Frateri, karibu soda."

Katika kaya mojawapo, mama mwenye nyumba ana kisukari. Daktari alishamwambia aache vinywaji vya sukari. Basi akatufungulia sisi soda, mimi na katekista, na yeye akanywa maji ya moto. Mjukuu wake wa miaka sita hivi alisimama mlangoni akisubiri tubakize. Tulipoaga alizimimina zote mbili kwenye kikombe kimoja, akanywa bila kupumua.

Yule mama hakukosea kitu. Alitupa kilicho bora kadiri alivyofundishwa na mazingira. Lakini hebu tufikiri pamoja: ilikuwaje kinywaji alichokatazwa yeye kwa ajili ya uhai wake kikawa ndicho alama ya kumpenda mgeni, na zawadi ya mjukuu?

2. Tuangalie hesabu

Soda nyingi za kawaida zina takriban gramu 10 hadi 11 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 basi ina gramu 30 na ushee, yaani vijiko vya chai saba au nane. Jaribu kuweka vijiko vinane kwenye kikombe kimoja cha chai uone kama nyumbani watakuacha.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50. Likasema ni vizuri zaidi kushuka chini ya asilimia 5, kama gramu 25. Kwa hiyo chupa moja tu imeshavuka kile kiwango kizuri zaidi, na bado hujagusa chai ya jioni.

Tuwe wakweli: kisukari cha aina ya pili hakiletwi na soda peke yake. Kuna urithi, uzito, na kukaa bila kufanya kazi ya mwili. Ila kunywa vinywaji vya sukari mara kwa mara kunaongeza hatari hiyo, kunaongeza uzito, na kunaozesha meno. Wengi wetu tuna mjomba, bibi au shangazi mwenye "sukari". Hatuzungumzii mambo ya mbali.

3. Kanisa linatufundisha nini

Kiasi ni mojawapo ya fadhila kuu nne, pamoja na busara, haki na nguvu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaieleza katika namba 1809, na katika namba 2290 inaihusisha wazi na kuepuka kupita kiasi katika chakula, pombe, tumbaku na hata dawa. Namba 2288 inatukumbusha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tuzitunze kwa kuzingatia pia mahitaji ya wenzetu.

Wengi husikia neno "kiasi" wakadhani ni kununa. Hapana. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba kuna kosa upande wa pili pia: kukataa raha ambazo maumbile yenyewe yanazihitaji. Utamu ni kazi ya Mungu. Kitabu cha Mithali hakikatazi asali. Kinasema ukiipata ule ya kukutosha, usije ukaitapika. Tatizo linaanza pale unapopita kipimo.

Nilipokuwa nasoma falsafa, kuna tofauti moja ya Aristotle iliyonisaidia sana. Anatofautisha mtu anayejizuia na mtu mwenye kiasi. Anayejizuia anatamani kupita kipimo, anakaza meno, anashinda. Ni vizuri, lakini anachoka. Mwenye kiasi amejizoeza mpaka kile kinachofaa ndicho anachokifurahia. Hapigani vita kila akipita dukani, kwa sababu tamaa yake yenyewe imefundishwa.

Hili unaweza kulijaribu kwenye chai. Ukitoka vijiko vitatu ukaja viwili, siku za kwanza chai inaonekana maji matupu. Baada ya wiki kadhaa unaizoea. Siku ukipewa ile ya vijiko vitatu, unaiona kama sharubati. Ulimi umejifunza. Neema ya Mungu haidharau mazoezi madogo kama hayo, inayatumia.

4. Tunywe nini basi?

Maji kwanza. Hakuna kinachoyashinda. Lakini sherehe ni sherehe, na kijana akitaka kitu chenye ladha hajatenda dhambi. Na sisi wa Singida hatuna sababu ya kulia njaa ya ladha. Vichaka vya Manyoni na Itigi vinatoa asali inayosifika nchi nzima. Mibuyu ipo, mikwaju ipo, tangawizi na ndimu zinapatikana gulioni.

Hiki hapa kinywaji kinachowezekana kwa kikundi chochote. Chemsha lita mbili za maji na tangawizi iliyotwangwa. Iache ipoe, uchuje. Kamulia ndimu mbili au tatu, kisha koroga vijiko vinne vya chakula vya asali. Weka kwenye friji au kwenye mtungi. Kila glasi ya mililita 300 itakuwa na takriban gramu 10 za sukari, kama theluthi ya soda. Ukali wa tangawizi na uchachu wa ndimu vinafanya kazi ambayo tumezoea kuiachia sukari.

Mkitaka gesi, changanyeni na maji ya gesi ya dukani wakati wa kunywa. Wengine huchachusha wenyewe: hamira ya asili iliyopo kwenye maganda ya tangawizi hula sukari na kutoa gesi. Inawezekana, ila tahadhari tatu. Chombo kiwe safi. Usitumie chupa ya kioo iliyofungwa kabisa, inaweza kupasuka. Na ujue kwamba uchachushaji hutoa kilevi pia, japo kidogo mwanzoni. Ukiiacha siku nyingi, maji na asali vinaelekea kuwa wanzuki, na wanzuki ni pombe. Kwa mkutano wenye watoto, tumieni kile cha siku hiyohiyo kisichochachushwa.

Sasa neno la ukweli, maana hapa wengi tunajidanganya. Asali nayo ni sukari. Sehemu yake kubwa, karibu gramu 80 katika kila gramu 100, ni sukari, na Shirika la Afya Duniani linaihesabu kwenye kipimo kilekile. Juisi ya ubuyu au ya ukwaju ikijazwa sukari mpaka kijiko kisimame, imekuwa soda isiyo na kizibo. Neno "asilia" kwenye chupa halibadilishi hesabu. Mwenye kisukari afuate ushauri wa daktari wake, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

5. Na ile soda ya mgeni?

Hapa ndipo pagumu. Yesu anawaambia wale sabini na wawili wale na kunywa wanachopewa katika nyumba wanayokaribishwa. Kwa hiyo usiende kwa mama wa watu ukaanza kumhutubia gramu za sukari wakati ameshatumia fedha ya mboga kukuheshimu. Kiasi kinachoumiza upendo kimepotea njia. Pokea, shukuru.

Lakini kabla ya kutembelea, mwenyekiti wa jumuiya anaweza kutangaza: "Wageni wetu wanaomba maji tu." Tena tuanze sisi vijana, kwenye mikutano yetu wenyewe, ambako ni sisi tunaopanga bajeti. Kikundi cha vijana kikihudumia kinywaji cha tangawizi kwenye sherehe ya somo wa parokia, kinywaji hicho kinapata heshima. Watoto wakiona baba paroko anakinywa na kufurahi, wanajifunza kwamba mgeni anaheshimiwa kwa moyo na kwa kazi ya mikono. Pengine mwakani yule mama ataona si aibu kumpa mgeni kitu ambacho yeye naye anaweza kukionja pamoja naye. Kushiriki kikombe kimoja, huo ndio ukarimu wenyewe.

6. Zoezi la siku kumi

Danieli hakugombana na yule msimamizi wa jumba la mfalme. Aliomba kwa adabu ajaribiwe siku kumi. Nasi tufanye hivyo: siku kumi bila soda. Fedha unayoiokoa, iweke pembeni; siku ya kumi na moja ipeleke kwa mgonjwa au mhitaji wa jumuiya yako. Bila hiyo hatua ya mwisho, umefanya tu programu ya mwili.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Ni kitu gani ninachokitumia kwa mazoea tu, bila kukifurahia tena?
2. Kwenye shughuli zetu, mwenye kisukari huwa anapewa nini cha kunywa? Tumewahi kumuuliza?
3. Je, mimi najizuia au nimeanza kuwa na kiasi? Nimejuaje?

Tusali

Ee Mungu, uliyewapa nyuki maua na sisi asali, tufundishe kupokea zawadi zako kwa kipimo na kwa shukrani. Uwatie nguvu wagonjwa wa kisukari katika familia zetu. Utufanye wepesi wa kumheshimu mgeni na wepesi wa kumjali mwenyeji. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Ambrosi, msimamizi wa wafuga nyuki, utuombee.