Dondoo muhimu: Kinoo cha mtumba ni jiwe gani?

Umepata kinoo kikuukuu mnadani Itigi na muuzaji hajui kilitoka wapi? Kioshe kwanza kwa sabuni na brashi, maana mafuta ya zamani huficha rangi na kuziba vitundu. Tazama ubavuni. Tabaka mbili zilizounganishwa, moja ya kukwaruza na nyingine laini, ni kazi ya kiwanda. Jiwe la asili mara nyingi lina mishipa, madoa au rangi isiyolingana.

Itigi ina jasi, kwa hiyo kwaruza jiwe kwa ukucha: likichubuka, liache, halitanoa kitu. Dondoshea ndimu, likitoa povu ni jamii ya chokaa au marumaru, laini mno kwa chuma.

Kisha tone la maji. Likinywewa haraka, huenda ni jiwe la mchanga, zuri kwa panga na jembe. Likibaki juu, jaribu kisu cha jikoni.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni chuma chenyewe: lowesha jiwe, sugua kisu taratibu, maji yakigeuka meusi, chuma kinalika. Usinoe kwa jiwe kavu, vumbi lake huumiza mapafu.