Sumaku Inayoleta Habari za Vali

Ndugu mkulima, ukimtuma mtoto afunge mlango wa zizi, je, ng'ombe wamefungiwa? Hujui mpaka mlango wenyewe uonekane. Kuamuru ni jambo moja, kufungwa ni jambo lingine.

Viwandani ni vivyo hivyo. Katika kiwanda cha maziwa, mabomba hupitisha maziwa, kisha huoshwa kwa dawa kali. Kinachotenga maziwa na dawa ni vali, yaani kizibo cha kufungua na kufunga njia ndani ya bomba. Vali isipofunga sawasawa, dawa yaweza kuingia katika maziwa uliyokamua alfajiri, nayo yakamwagwa yote.

Machi 1979, katika mtambo wa umeme wa Three Mile Island, Marekani, taa ilionyesha kwamba vali imeamriwa kufunga. Kumbe ilikuwa imekwama wazi. Maji ya kupozea yalivuja zaidi ya saa mbili, na sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka. Taa ilieleza amri, haikueleza vali.

Basi yafaa vali yenyewe iulizwe. Chombo kimoja cha kuuliza kina kidole kinachosugua ukanda wa umeme. Lakini kinachosuguana hulika. Njia nyingine haigusi kitu. Sumaku ndogo hufungwa kwenye mhimili wa vali. Karibu yake hukaa kihisi, ambacho ndani yake kuna kipande chembamba kinachopitisha umeme kidogo. Sumaku huusukuma umeme huo upande mmoja wa kipande. Mhimili ukizunguka, msukumo hubadilika, na badiliko hilo hupimwa. Edwin Hall, Mmarekani, ndiye aliyegundua jambo hili mwaka 1879, akitumia dhahabu nyembamba kama karatasi.

Nguvu ya sumaku hupenya plastiki, shaba na alumini. Kwa hiyo kihisi huzibwa kabisa, maji na vumbi visiingie. Ila chuma cha kawaida kikiwa karibu huipotosha nguvu hiyo.

Habari husafiri kwa waya. Kwa kawaida miliampea 4 ni vali imefungwa, 12 ni nusu, 20 ni wazi kabisa. Waya ukikatika, kipimo huwa 0, na fundi hujua mara moja kwamba kuna hitilafu.

Ukitembelea kiwanda kinachopokea maziwa yako, uliza swali hili: mnajuaje kwamba vali imefunga? Jibu likiwa "tumeiamuru," uliza tena.