Uadilifu Kazini: Ripoti Isiyosomwa



Likizo iliyopita, baada ya sala ya Jumuiya Ndogondogo mjini Tabora, kijana mmoja mtunza stoo aliniuliza: "Frateri, kila nikiandika kwamba mzigo umepungua, ripoti inafungiwa kabatini. Niendelee kuandika ukweli kwa faida ya nani?" Siku ile sikumjibu vizuri. Najaribu sasa.

Mfano wa Tabora

Baada ya masomo ya Makerere, Mwalimu Julius Nyerere alifundisha shule ya St. Mary's hapa Tabora. Katika miaka hiyo ya 1940 alifanya pia, kwa muda mfupi, kazi ya ukaguzi wa bei madukani. Alitoa taarifa za bei za udanganyifu, wakubwa hawakuzijali, naye akaiacha kazi hiyo. Tuangalie mpangilio: kwanza alisema ukweli, ndipo akaondoka.

Lakini Mwalimu alikuwa na darasa lake. Mtunza stoo ana watoto na hana kazi nyingine. Je, naye lazima aache?

Mafundisho

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba haki ni utashi thabiti wa kumpa kila mtu kilicho chake. Utashi huo umo ndani yangu, haumo kabatini mwa bosi. Ripoti ya kweli ikifichwa, kosa ni la aliyeificha. Nikiandika uongo, uongo ni wangu, hata asipousoma mtu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Unyanyembe kwenda Bagamoyo hawakupanga bei ya pembe za ndovu kule pwani. Kilichokuwa juu yao ni kufikisha mzigo ukiwa kamili.

Basi, ndugu yangu, si lazima uache leo. Endelea kuandika hesabu ya kweli, weka tarehe, tunza nakala. Ila siku utakapoambiwa utie sahihi kwenye hesabu ya uongo, hapo hakuna njia ya katikati. Kukataa kunaweza kukugharimu mshahara.

Tafakari

Someni Amosi 8:4-6 na Luka 16:10, kisha mjiulize:

1. Je, sahihi yangu kazini inaaminika?
2. Ndugu yetu akifukuzwa kazi kwa kusema ukweli, jumuiya yetu itamsaidia kulisha watoto wake, au tutamwambia tu kwamba tunamwombea?